Mali Bila Daftari: Uwanja wa Tata Raphaël katika Sinema

Mwaka 2022 watu wengi wa upande wa Bunagana na Jomba walijifunza kulala uwanjani. Vita vilipofika kwao walishika njia ya Rutshuru, vifurushi vichwani na watoto mgongoni, na wengi wakapata kimbilio katika uwanja wa mpira wa Rugabo. Mahali ambapo vijana walizoea kukimbizana na mpira pakawa mahali pa kupika, pa kunyonyesha na pa kungojea habari za nyumbani. Tarehe 13 Juni mwaka ule Bunagana yenyewe ilitwaliwa na waasi wa M23. Mwishoni mwa Oktoba zamu ya Rutshuru ikafika, na waliokimbilia huko wakakimbia mara ya pili, wengi kuelekea Goma.

Twaanza na habari hii kwa sababu majani huota tena. Siku moja chokaa hupigwa, goli husimamishwa, mpira hurudi, na mtoto aliyezaliwa baadaye huuliza, "Hapa palikuwa na nini zamani?" Asipopata wa kumjibu, basi uwanja ule umekwisha kupotea, hata kama haukuondoka mahali pake. Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa ajili ya jambo hili twataka kuipima sinema moja inayosifiwa sana. Yahusu ngumi za Wamarekani wawili mjini Kinshasa. Msomaji atasema: Kinshasa iko mbali, na ngumi za Wamarekani zatuhusu nini sisi wa Kivu? Zatuhusu, kwani uwanja ule ndio uwanja wa nchi yetu ambao dunia nzima yaufahamu, na sinema hii imesaidia sana kuufanya ufahamike. Tukiona ni nini kilichotunzwa vema na ni nini kilichoachwa, tutajifunza namna ya kutunza vyetu.

SINEMA YENYEWE

Jina lake ni When We Were Kings, maana yake "Tulipokuwa Wafalme". Mtengenezaji ni Mmarekani, Leon Gast. Mwaka 1974 alikwenda Kinshasa kupiga picha za tamasha la muziki na za pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Tamasha lilifanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba. Pigano lilikuwa lifuate mara, lakini Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Baadaye fedha zikakosekana, mashauri yakazuka, na picha zile zikakaa zaidi ya miaka ishirini bila kutazamwa na watu. Sinema ilitoka mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikapewa zawadi ya Oscar.

Tuseme kwanza yaliyo mema, maana ni mengi. Yeye asiyejua lolote juu ya ngumi ataelewa kila kitu. Anamwona Foreman, kijana mwenye nguvu za kutisha, akiutwanga mfuko wa mazoezi mpaka ukabonyea. Anamwona Ali, aliyekwisha kupita miaka thelathini, akikimbia barabarani huku watoto wa Kinshasa wakimfuata. Anasikia umati ukiita, "Ali, boma ye!" yaani kwa Kilingala, Ali, muue! Kisha lafika pigano lenyewe, saa kumi za alfajiri, saa iliyochaguliwa ili Wamarekani walitazame jioni kwao. Watu wapata 60,000 wamejaa uwanjani. Ali anaegemea kamba na kumwachia Foreman apige, apige, apige mpaka mikono imlegee. Na katika raundi ya nane Foreman anaanguka.

Leon Gast amestahili heshima yake. Angaliweza kuyatupa makopo yale ya filamu, hakuyatupa. Alingoja miaka ishirini na miwili. Kama asingalikuwa na uvumilivu huo, watoto wetu wasingeweza kuiona Kinshasa ya mwaka 1974 ikitembea na kucheka mbele ya macho yao.

WENYE UWANJA WAMEPEWA KELELE

Hata hivyo twauliza: "Tulipokuwa Wafalme", ni nani hao? Katika sinema hii wanaokaa kitini na kueleza mambo ni hasa Wamarekani: mwandishi Norman Mailer, mwandishi George Plimpton, mtengenezaji wa sinema Spike Lee. Mwafrika anayepewa nafasi ya kusema kwa kirefu ni Malick Bowens, msanii kutoka Mali, naye anasema vizuri. Lakini Wakongo wenyewe ni umati. Wanaimba, wanacheka, wanapiga kelele, kisha wanaondoka. Wenye uwanja wamepewa kelele, na wageni wamepewa maneno.

Kosa la pili laumiza zaidi. Plimpton anasimulia habari ya mwanamke wa kijini, mwenye mikono inayotetemeka, ambaye mganga alisema atamwingia Foreman na kumnyonya nguvu. Na sinema, ili kutuonyesha jini huyo, inaleta picha ya Miriam Makeba akiimba! Makeba alikuwa mwimbaji mkubwa wa Afrika ya Kusini, mwanamke aliyezuiwa kurudi kwao kwa sababu ya kuusema ubaya wa ubaguzi. Alikuja Kinshasa kuimba katika tamasha. Kumfanya pambo la hadithi ya uchawi ni kumkosea adabu, na mkosaji hasemehewi kwa sababu picha ni nzuri.

Kosa la tatu ni jambo zito. Mailer anasimulia kwamba kabla wageni hawajafika, Mobutu aliamuru wahalifu wakamatwe, wakafungwa katika vyumba vilivyo chini ya uwanja, na baadhi yao wakauawa ili wengine waogope. Simulizi lapita kama hadithi ya jioni, kisha muziki waendelea. Sisi twasema: ikiwa ni kweli, hilo si pambo la hadithi ya ngumi. Hao walikuwa na mama zao. Ikiwa si kweli, ilifaa lichunguzwe kabla ya kusambazwa duniani. Kwa vyovyote, jambo la namna hiyo halitajwi kwa kupita.

MAJINA MATATU

Lakini upungufu ulio mkubwa kuliko yote ni huu: mtazamaji anatoka akidhani kwamba uwanja ule ulizaliwa mwaka 1974 kwa ajili ya Ali na Foreman. Sivyo. Tuusimulie kwa ufupi.

Mwaka 1917 alifika Kongo padri kijana wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji. Alifanya kazi katika mji uliokuwa ukiitwa Leopoldville. Alianzisha shule, akaleta maskauti, akaunda vyama vya michezo. Timu ya Daring, ambayo leo ni Daring Club Motema Pembe, ilianza kwa mkono wake mwaka 1936. Kwa juhudi yake ulijengwa uwanja wa Malkia Astrid katika miaka ya 1930, ambao leo una jina la Kardinali Malula. Na baadaye ule mkubwa zaidi, uliofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Watu walimwita Tata Raphaël. Alifariki mwaka 1956.

Hatutaki kumfanya malaika, wala kuyafunika ya wakati wake. Siku zile wazungu walikuwa na timu zao, na Waafrika zao. Wakubwa wa serikali waliupenda mpira kwa sababu walidhani kijana aliyechoka kwa kucheza hatakuwa na nguvu za kufikiri siasa.

Walijidanganya. Jumapili tarehe 4 Januari 1959 chama cha ABAKO cha Kasa-Vubu kilinyimwa ruhusa ya kufanya mkutano wake. Watu waliokuja kusikiliza wakakasirika. Alasiri ile ile maelfu walikuwa uwanjani wakitazama V. Club ikicheza, na V. Club ikashindwa. Mashabiki wakatoka na uchungu wao, wakakutana barabarani na wenzao wenye uchungu mwingine. Ghasia zikaenea mjini, askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa karibu hamsini. Wengine husema walikuwa wengi zaidi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru. Mpaka leo tarehe 4 Januari ni siku ya kuwakumbuka mashahidi wa uhuru. Basi, jaribu kuitafuta siku hiyo katika sinema ya wafalme!

Mwaka 1967 Mobutu aliunda chama chake, na jina la mfalme likafutwa. Uwanja ukaitwa Ishirini Mei, siku ya kuzaliwa kwa chama. Huko, mwezi wa Desemba 1973, timu ya Zaire iliwashinda Wamoroko kwa mabao 3 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kwenda kushindania Kombe la Dunia. Wenyeji wengi wenye umri mkubwa watakuambia kwamba siku ile ndiyo waliyojiona wafalme, bila msaada wa bingwa kutoka ng'ambo. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, jina la chama nalo likaondolewa, uwanja ukapewa jina la Tata Raphaël.

Tazama sasa: jina la kwanza lilikuwa la mfalme ambaye hakubeba hata jiwe moja, la pili lilikuwa la chama, la tatu ndilo la mtu aliyeuhangaikia. Ilichukua miaka arobaini na mitano uwanja kuitwa kwa jina la mjenzi wake. Na hata sasa twauliza: mafundi na vibarua Wakongo waliochanganya saruji ile, majina yao yameandikwa wapi?

JIWE NA JINA

Mwaka 2023, kwa ajili ya Michezo ya nchi zinazosema Kifaransa, uwanja wa Tata Raphaël ulitengenezwa upya, na kumbi mpya za michezo zikajengwa kando yake. Hatulaumu. Uwanja ni wa kuchezea, wala si wa kutazamwa tu kama kaburi. Lakini tujue kwamba chokaa mpya hufunika maandishi ya zamani, na asiyeyanakili kabla ya kupaka hatayasoma tena.

Jirani zetu wa Uganda wanatufundisha jambo hilo hilo. Mtu wa Bunagana aliyevuka mpaka na kupanda basi mpaka Kampala anaujua uwanja wa Nakivubo. Ulianza mwaka 1926. Katika miaka ya 1950 ulifanywa kuwa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Mwaka 2017 ulibomolewa, ukajengwa mwingine mzuri, uliofunguliwa mwaka 2024, na watu wengi wauita kwa jina la tajiri aliyeujenga. Uwanja wa zamani ulikuwa umechakaa, hilo twakubali. Lakini kijana anayeingia leo kutazama mpira, atajuaje kwamba anakanyaga ukumbusho wa wafu?

Kinshasa kuna mfano ulio bora. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1994 uliitwa kwanza Kamanyola. Tangu mwaka 1997 unaitwa uwanja wa Mashahidi, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne, Évariste Kimba na wenzake, walionyongwa hadharani mwaka 1966 kwa amri ya Mobutu. Hapo jina lenyewe ni daftari. Mtoto akiuliza, "Mashahidi gani?" mzee anapata mlango wa kuanza kusimulia.

Sisi Wakatoliki hatukosi kuelewa jambo hili. Kanisa hutunza masalio ya watakatifu, lakini haliyatoi yaheshimiwe hadharani bila kuhakikishwa. Lazima pawe na hati inayosema: hiki ni cha fulani, kimetoka mahali fulani, fulani ameshuhudia. Mfupa bila hati ni mfupa tu. Vivyo hivyo, kiti cha uwanja bila habari yake ni kuni. Filimbi ya mwamuzi bila jina la mwamuzi ni chuma. Na sinema ya Leon Gast, kwa uzuri wake wote, imetunza salio moja zuri na kulipa nusu ya hati.

NA VIWANJA VYETU?

Goma yajua kupoteza. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ziwani, ukapita katikati ya mji, ukaangusha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Baada ya siku chache watu walirudi juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto. Wakayachonga, wakajengea kuta. Ukitembea Goma leo, waona ukuta mweusi na kudhani ni ukuta tu. Kumbe ni salio la siku ile. Wenye umri wanajua. Watoto wataambiwa na nani?

Goma pia ina uwanja wake, uwanja wa Umoja, ambao wengi wauita kwa Kifaransa l'Unité. Mji ulipokwisha kutwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, raia waliitwa uwanjani humo tarehe 6 Februari kuwasikiliza wakubwa wapya. Twaona ni desturi ya zamani. Wabelgiji waliupa uwanja jina la mfalme wao. Mobutu alitundika sura yake kubwa juu ya wapiganaji wa ngumi. Kila mwenye nguvu hutaka uwanja uliojaa. Na picha za siku hizo hazitapotea, kwa maana wenye nguvu huja pamoja na wapiga picha wao.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Siku kubwa zina watunzaji wake. Ni Jumapili za kawaida zisizo na mtunzaji. Nani atatunza Jumapili ile baada ya Misa, wakati timu ya chini ya kilima ilipocheza na timu ya juu, mshindi akapewa mbuzi? Nani atatunza jina la mwalimu aliyeupima uwanja kwa hatua zake mwenyewe? Nani atawataja waliolala Rugabo mwaka 2022? Leon Gast hatakuja Bunagana.

Wengine watatujibu: "Watu hawana unga, nanyi mwasema habari za viwanja!" Jibu letu ni kwamba daftari halimnyang'anyi mtu unga wake. Tena aliyepoteza nyumba na shamba ana haki ya kutopotezewa na habari yake. Maskini akinyimwa hata kukumbukwa, ameibiwa mara mbili.

Kila parokia ina vitabu vyake vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Twashauri kiongezwe kitabu kimoja chembamba, cha uwanja. Vijana wawaulize wazee na kuandika: uwanja ulianza mwaka gani, timu zilikuwa zipi, nani alifundisha, nani alivunjika mguu, lini mpira ulisimama, na kwa nini. Mwenye picha ya zamani aandike nyuma yake majina, mahali na mwaka, kabla macho ya wanaojua hayajafumba. Yaandikwe hata machungu, maana tumeona ubaya wa kuyataja kwa kupita. Lakini pawe na hekima: wakati wa vita jina la mtu aliye hai laweza kumponza. La namna hiyo lisubiri, au litunzwe mahali pa siri. Daftari ni la kumlinda mtu, si la kumtoa.

Na sinema ile? Mkiipata, itazameni. Mtafurahi, na mtajifunza uvumilivu wa mtu mmoja aliyetunza picha miaka ishirini na miwili. Lakini Ali anapoinua mikono, msimwangalie yeye peke yake. Angalieni nyuma yake, kule kwenye ngazi za saruji, zile nyuso elfu kwa maelfu zisizotajwa majina. Hao ndio jamaa zetu. Hakuna aliyewauliza neno. Na wengi wao hawawezi tena kujibu. Wale wa Rugabo bado wanaweza.